Dogo wa Mahakama ya Ndizi kapata kazi ya stoo: kozi ndiyo imembeba au ana nyota tu?

#1 Kijiwe Manzese

Wakuu salaam.

Kuna dogo mmoja kwetu Manzese, namfahamu tangu anasoma msingi. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Mama anauza vitumbua, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Dogo akaacha shule, akaingia Mahakama ya Ndizi pale Mabibo kushusha mikungu. Anayepajua anajua: lori linafika usiku, unabeba mpaka kunakucha, mgongo ukigoma hakuna wa kukupa pole. Miaka ikaenda hivyo, mara kuli, mara deiwaka kwenye daladala, mara anauza maji kwenye foleni Ubungo.

Mwaka jana shirika moja (silitaji, nisije nikaonekana dalali) likaja serikali ya mtaa kuandikisha vijana wasio na ajira. Darasa la miezi mitatu: kujieleza, kuandika CV, kompyuta kidogo, nidhamu ya kazi, kutunza hela. Kila kijana akapewa na mtu wa kumshika mkono, wenyewe wanamwita menta. Wa dogo alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtunza stoo wa zamani. Baadaye dogo akapelekwa kujifunzia kazi kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere. Leo ni msaidizi wa stoo, ana mkataba, anakatwa NSSF kama watu wazima.

Sasa kinachonisumbua: wenzake wengi wa darasa lile wamerudi kijiweni. Darasa lile lile, walimu wale wale. Kilichombeba dogo ni nini? Mimi nasema ni yule mzee. Wife anasema dogo ana nyota. Karibuni.

#2 Kilaza Mzoefu

Uzi bila picha haujanoga. Na jina la shirika umelificha, mkuu, mnapenda kula michongo peke yenu.

#3 Nyundo ya Chuma

Mnazunguka mbuyu tu. Mstaafu wa stoo, kijana kaajiriwa stoo. Hiyo ni koneksheni, tena ya wazi. Mzee kapiga simu moja tu kwa mshikaji wake. Uzi ufungwe.

#4 Kijiwe Manzese

Nyundo, hapana. Mzee alistaafu kiwanda cha nguo, ghala la dogo ni la vipuri vya magari. Waliompeleka ni shirika, mzee mwenyewe alipoambiwa ni wapi alikuwa hapajui, ikabidi dogo ndiye amwelekeze.

#5 Meza ya Usaili

Nimefanya kazi ya utumishi sekta binafsi mpaka nikachoka, naomba nichangie kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza.

Kijana wa mtaani akija kwenye usaili, swali la kwanza linammaliza: "Unataka kazi gani?" Anajibu "kazi yoyote bosi." Yeye anaona ameonyesha unyenyekevu na utayari. Mimi ninayesaili nasikia mtu ambaye hajui anachokiweza, na kesho akipata mia mbili zaidi kwingine ataondoka bila kuaga. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo inavyosikika.

Hizi kozi zikifanikiwa kumtoa kijana kwenye "kazi yoyote" zimefanya nusu ya kazi. Mwandishi, hebu muulize dogo kama hilo lilimkuta.

#6 Tumbo Kwanza

Mheshimiwa Meza ya Usaili, shikamoo. Mtu hajala tangu jana unataka akuchagulie kazi kama anachagua kitenge? "Kazi yoyote" ni jibu la ukweli. Nyie ndio mnataka mtu awadanganye kwa Kiswahili kizuri.

Mimi nilipita kwenye program kama hiyo Temeke. Walimu wazuri, sina ubaya nao. Lakini nilipopelekwa kujifunzia kazi, sehemu yenyewe Tegeta, kila siku daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na posho inakuja mwisho wa mwezi. Wiki ya pili nikakopa. Wiki ya tatu nikawa namkwepa niliyemkopa. Wiki ya nne nikarudi zangu kwenye boda. Kilichonitoa ni nauli, wala sio nidhamu. Muulizeni huyo dogo nauli alikuwa anatoa wapi.

#7 Kijiwe Manzese

Nimetoka kuongea na dogo sasa hivi, nawajibu wote wawili.

Meza ya Usaili: lilimkuta. Siku ya kwanza kukutana na yule mzee alimuuliza swali hilo hilo na dogo akajibu hivyo hivyo. Mzee akamwambia, "Mimi sijakuuliza shida yako, nimekuuliza kazi yako." Halafu akamwagiza aende nyumbani aandike kila kitu alichowahi kufanya kwa ujira. Dogo akarudi na karatasi: kuhesabu mikungu inaposhuka, kuandika ya nani ni ipi, kukata tiketi, kurudisha chenji. Mzee akaipitia na kalamu nyekundu, mstari wa "kubeba mizigo" akaufuta, akaandika "kupokea na kuhesabu mzigo, kutoa taarifa ya upungufu." Dogo anasema alidhani ni uongo. Mzee akamuuliza, "Hukuwa unahesabu?" Alikuwa anahesabu. "Basi."

Tumbo Kwanza: nauli. Hapo naona una hoja. Mama yake alikuwa anamtengea hela ya vitumbua vya asubuhi, na kuna siku alitembea kurudi. Shirika lilitoa posho kidogo kila wiki, sio kila mwezi. Labda hiyo ndiyo tofauti yenu.

#8 Nyundo ya Chuma

Kwa hiyo kaongopewa CV. Sawa.

#9 Meza ya Usaili

Nyundo, soma tena. Hajaandika alichokuwa hafanyi.

#10 Mama Wawili

Naomba na sisi wanawake tusisahaulike humu.

Kundi letu lilianza na wasichana wengi kuliko wavulana, likaisha na wachache. Sababu inajulikana, watoto. Darasa linaanza saa mbili na nusu, mtoto anaachwa na nani? Mimi niliachiwa na bibi yangu, Mungu amrehemu, la sivyo nisingemaliza. Mwenzangu mmoja alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, mtoto akilia anatoka nje, na nusu ya somo linampita akiwa mlangoni.

Halafu huko kujifunzia kazi kuna mambo hayaandikwi kwenye ripoti. Msimamizi anakwambia ukitaka nikusainie fomu tuonane baada ya kazi. Niliyemweleza ni menta wangu, mama mmoja mkali kweli. Hakuniambia nivumilie. Aliniambia nisiingie ofisi yake peke yangu, niandike tarehe na maneno yake, kisha akaenda mwenyewe kwa uongozi wa shirika nikahamishwa. Wadada mkae mkijua, rushwa ya ngono ni kosa, ipo kwenye sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU wanapokea.

Kwa hiyo kwangu mimi menta hakunifundisha kazi. Alikuwa mtu wa kumpigia mambo yakiharibika.

#11 Binti Kigoma

Pole dada, na asante kwa kifungu. Naki-screenshot.

#12 Msomi wa Kona

Niongeze kitu, kwa sababu hoja hizi zimeshapimwa na watu.

Uganda, Livia Alfonsi na wenzake waliwaunganisha wanafunzi waliokuwa wanamaliza vyuo vya ufundi na vijana waliotangulia kazini, wawe wanaongea nao. Waliopata watu hao waliingia kazini haraka zaidi baada ya kumaliza. Na Nyundo asikilize hapa: walipochunguza mazungumzo yenyewe, kilichosaidia zaidi hakikuwa kuunganishiwa kazi. Ilikuwa ni kuelezwa soko lilivyo. Kwamba kazi ya kwanza inalipa kiduchu, ichukue, usikate tamaa, baadaye inapanda. Vijana wengi wanatoka chuoni wakitarajia mshahara ambao haupo, wanakataa kidogo kilichopo, wanakaa nyumbani.

Kuhusu nauli, Tumbo Kwanza: Addis Ababa, Girum Abebe na wenzake waliwapa kundi moja nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi, kundi jingine likapewa semina ya kuomba kazi pamoja na mitihani iliyotoa cheti cha uwezo wao. Mwanzoni yote mawili yalisaidia kupata kazi zenye afadhali. Miaka minne baadaye wa semina walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi, nauli ilikuwa imeyeyuka.

#13 Tumbo Kwanza

Msomi nimekuelewa, ila hao wa Addis walipewa nauli ya KUTAFUTA kazi. Mimi nilikosa nauli ya KWENDA kazini. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtafiti gani alishawahi kulala na njaa ili asubuhi apande gari?

#14 Msomi wa Kona

Hapo umenibana, ni kweli ni vitu viwili.

#15 Kilaza Mzoefu

Leo Msomi kabanwa na mtu wa boda. Nimekaa paleee na karanga zangu.

#16 Fundi Spana

Habari zenu. Mimi nawaona mnaongelea maneno mengi, CV, menta, nyota. Mnasahau karatasi.

Nimekuwa fundi magari gereji za uchochoroni tangu kijana. Injini naishusha na kuipandisha gizani. Lakini kampuni zilikuwa haziniangalii usoni kwa sababu sina cheti. Jamaa akaniambia VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, kwamba wewe uliyejifunzia mtaani wanakupima unachokijua, wanakujazia mapengo, ukifaulu wanakupa cheti. Sikuamini mpaka nilipokishika. Ujuzi ni ule ule wa jana, spana ni zile zile, ila nilipoenda na cheti nikaitwa.

Kwa hiyo dogo huyu muulizeni, mwisho wa kozi alipewa cheti au barua? Nina uhakika jibu liko hapo.

#17 Msomi wa Kona

Fundi kanikumbusha. Kuna utafiti mwingine wa Uganda, Alfonsi huyo huyo na akina Bandiera. Walilinganisha vijana waliosomeshwa ufundi chuoni na waliofundishwa ndani ya kampuni. Wote walinufaika, ila wa chuoni ndio walioweza kuhama kazi moja kwenda nyingine kirahisi, maana cheti chao kinasomeka popote. Aliyefundishwa na tajiri mmoja, ujuzi wake anaujua tajiri huyo huyo tu.

#18 Kijiwe Manzese

Fundi, alipewa cheti cha kuhudhuria, ambacho nadhani hakina uzito. Ila alipomaliza kujifunzia kazi msimamizi wa ghala alimwandikia barua yenye muhuri, imetaja alichokuwa anafanya. Mzee ndiye alimwambia aiombe kabla hajaondoka, yeye mwenyewe asingewaza.

#19 Foleni ya NIDA

Wakuu, mmeruka hatua moja. Kabla ya hayo yote kijana lazima awe mtu anayetambulika. Mdogo wangu alichaguliwa program kama hii, akatolewa kwa sababu hana namba ya NIDA. Namba inataka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa kipo RITA na kinataka vithibitisho, vithibitisho viko kijijini Newala, na barua ya serikali ya mtaa hupewi kwa sababu mwenyekiti hakujui, ulihamia juzi. Bila namba hiyo hufungui akaunti benki, na laini ya simu ni ya kuazima. Huyo wa kwako alikuwa nayo?

#20 Kijiwe Manzese

Alikuwa nayo. Kazaliwa hapa hapa, mjumbe ni jirani, anamjua mpaka jina la bibi yake.

#21 Foleni ya NIDA

Basi hilo nalo liandike kwenye orodha yako ya nyota.

#22 Mzalendo Halisi

Serikali inafanya mengi, watu hawataki kusema. Kuna uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, unaoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ada inalipwa na serikali. Kuna TaESA, huduma ya serikali ya kuunganisha watu na ajira. Na waajiri wanakatwa asilimia 6 ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza ujuzi. Vijana ni wavivu tu wa kufuatilia.

#23 Meza ya Usaili

Mzalendo, nikusahihishe kidogo. Tozo ya kuendeleza ujuzi ilikuwa 6 zamani, imeshushwa mara kadhaa, tangu mwaka wa fedha 2023/24 ni asilimia 3.5. Na inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi. Analipa mwajiri, mfanyakazi hakatwi humo. Uanagenzi upo, hilo kweli, na nimepokea vijana wake wazuri. Wavivu sijui. Wengi hawana bando la kuona tangazo.

#24 Jirani wa Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu tulikuwa na ule mradi wa KYEOP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Vijana walifundishwa stadi za maisha kwanza, kisha wakapelekwa kwa mafundi wa jua kali, na pesa kidogo ikawa inaingia kwa simu kila mwezi. Binamu yangu alijifunza kushona hivyo. Leo ana cherehani mbili na kibanda chake, hakuajiriwa na mtu.

Ndio maana nauliza, kwa nini humu mnahesabu aliyefaulu kuwa ni yule aliyeajiriwa pekee? Hao waliorudi kijiweni, mmewauliza wanafanya nini kijiweni?

#25 Kijiwe Manzese

Jirani swali lako limenikaa. Mmoja najua ana kibanda cha chipsi Tandale na anaandika mauzo kwenye daftari, kitu alichojifunzia pale darasani. Nilikuwa nimemhesabu kwenye waliofeli.

#26 Kilaza Mzoefu

Kumbe kijiweni kuna wasomi. Mimi nipelekwe darasa gani? Niko tayari kwa kazi yoyote.

#27 Tumbo Kwanza

Kilaza 😂😂 umefeli usaili.

#28 Pesa Mbili

Hao wa chipsi na cherehani si waende halmashauri? Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vijana wana 4 yao, haina riba.

#29 Mama Wawili

Ipo, ila ni ya vikundi, na ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Sisi kikundi chetu kilivunjika mweka hazina alipoolewa akahama na daftari. Tusitoke nje ya mada lakini.

#30 Kijiwe Manzese

Turudi kwa dogo, kuna kitu nilikuwa sijakisema kwa sababu sikukiona kina uzito, Fundi na Msomi wamenifanya nikione.

Siku ya usaili wa ghala, msimamizi alimuuliza: "Una mzigo ulioingia Jumatatu na mwingine wa aina ile ile umeingia Alhamisi. Mteja anataka. Unatoa upi?" Wenzake wawili walibabaika, mmoja akasema unatoa ulio karibu na mlango. Dogo akajibu bila kufikiri, wa Jumatatu. Akaulizwa kwa nini. Akasema, "Mabibo mkungu uliotangulia kufika ukiuacha nyuma unaivia hapo hapo, unakula hasara." Msimamizi akacheka, akamwambia vipuri haviivi. Dogo akamwambia, "Mpira wa breki si unakauka?"

Hilo la mpira hakufundishwa na mzee wala darasani. Alilisikia gereji za jirani na nyumbani kwao.

#31 Nyundo ya Chuma

Hapo sasa mmenyamaza wote. Dogo alikuwa na akili tangu zamani. Kozi imekuta kitu kipo. Hata bila kozi angetoka.

#32 Fundi Spana

Angetokaje Nyundo? Alikaa Mabibo miaka na akili hiyo hiyo na hakuna aliyemuuliza swali. Akili bila mlango ni akili ya kubebea ndizi.

#33 Meza ya Usaili

Nami nilikuwa naandika hilo. Kwenye ghala langu barua za maombi za watu wa aina yake hazikufika mezani, zilikuwa zinaishia kwa mlinzi getini. Darasa ndilo lililomvusha geti, alichojibu ndani ni chake.

#34 Tumbo Kwanza

Na posho ya wiki. Msiisahau. Akili haipandi daladala bure.

#35 Binti Kigoma

Mwandishi, yule mzee alikuwa anafanya nini hasa wakati dogo yuko kwenye kujifunzia kazi? Nimechaguliwa kuwa menta kazini kwetu na sijui pa kuanzia.

#36 Kijiwe Manzese

Binti Kigoma, hakuna makubwa. Alikuwa anampigia Jumapili jioni, simu ya dakika chache. Kesho unavaa nini? Nauli unayo? Kuna mtu amekukera wiki hii? Mwezi wa kwanza dogo aligombezwa mbele za watu kwa kosa la mwenzake, akaja nyumbani amesema harudi. Mzee hakumhubiria. Alimuuliza, "Kesho asubuhi kadi za stoo atazijaza nani?" Dogo akasema hakuna mwingine anayejua. "Basi nenda kazijaze, hasira ziko pale pale ukitoka." Akaenda.

Na alimfundisha kusema "sijaelewa, naomba unirudie" bila kuona aibu. Dogo anasema hilo lilikuwa gumu kuliko kompyuta.

#37 Binti Kigoma

Nimepata pa kuanzia. Ubarikiwe.

#38 Kijiwe Manzese

Sasa nina swali jipya, labda Meza ya Usaili anisaidie. Mkataba wa dogo ni wa mwaka mmoja na unakaribia kuisha. Wamemletea mwingine wa mwaka mmoja tena, asaini. Inaruhusiwa?

#39 Meza ya Usaili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 14, mkataba wa muda maalumu ni kwa wataalamu na mameneja. Msaidizi wa stoo hayumo. Angepaswa kuwa na mkataba usio na kikomo.

#40 Wakili wa Kona

Mkuu, kifungu hicho kimerekebishwa 2025, wigo wa mikataba ya muda maalumu umepanuliwa kwa mazingira fulani. Inategemea kazi yenyewe na sababu iliyoandikwa. Asome kipengele cha sababu kabla ya kusaini, na kile kinachohusu kuhuishwa. Asikatae kwa mdomo kwa kusoma uzi wa mtandaoni.

#41 Nyundo ya Chuma

Asaini. Njaa haina wakili.

#42 Fundi Spana

Asaini, na wakati huo huo aende VETA apimwe stoo au kuendesha foklifti. Mkataba ukikatika awe na karatasi mkononi.

#43 Kilaza Mzoefu

Mimi nilikuja kutafuta jina la shirika, sasa nasoma sheria ya kazi. Angalau nielekezeni kwenye vitumbua.

#44 Kijiwe Manzese

Mzee kamwambia aje na nakala ya mkataba Jumamosi waisome pamoja, nimemtumia na hoja ya Wakili. Wakishaamua nitaleta majibu. Kilaza, vitumbua viko njia ya kwenda Tandale, saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na hela mkononi, yule mama hakopeshi.